Kisa cha Stihl 090 iliyokuwa 070: jinsi ya kukagua na kupanga bei ya chenso ya zamani

Mashine iliyowekwa mezani ilikuwa chenso (msumeno wa injini) ya Stihl yenye kibandiko kipya cha modeli 090 kwenye kifuniko cha stata, rangi inayong'aa, baa (ubapa unaobeba cheni) ya sentimita 90, na mfuko wa plastiki wenye karatasi za zamani. Muuzaji alitaka bei inayokaribia ya 090 kamili. Alikuwa amepunguza kidogo tu, kwa maelezo kwamba inasumbua kuwaka na pengine ni kabureta. Mnunuzi alikuwa mkusanyaji mwenye chenso nyingi lakini bila 090 hata moja, na kwa miaka kadhaa alikuwa akitazama bei zake zikimkimbia.

Kwa kuwa sarafu hutofautiana, hesabu zote humu zinatumia kipimo kimoja. Stihl 090 yenye silinda yake ya kiwandani, rangi yake ya asili na inayowaka vizuri tumeipa 100. Muuzaji alitaka 85.

Kwa nini 090 inagombewa

Silinda ya 090 ina kipenyo cha milimita 66 na mwendo wa pistoni wa milimita 40, yaani ujazo wa sentimita za ujazo 136.8. Chenso kubwa zilizokuja baadaye hazikufika hapo: Stihl MS 880 ina kama 122, na Husqvarna 3120 kama 119. Kwa hiyo 090 inatafutwa na watu wa aina mbili wasiofanana kabisa. Wa kwanza ni mkusanyaji anayetaka kuiweka rafuni. Wa pili ni mpasuaji anayeifunga kwenye fremu ya kupasulia magogo kuwa mbao pana, ambako mashine inakata kwa nguvu zote kwa dakika nyingi mfululizo. Mkusanyaji huitunza, mpasuaji huimaliza, na wote wanachota kisima kimoja kisichojazwa tena. Ndiyo maana bei ya 090 haishuki hata wakusanyaji wanapopungua: nyuma yao kuna mtu anayeihitaji kwa kazi.

Si kila chenso kongwe ina bahati hiyo. Homelite XL-12, iliyotoka miaka ya 1960, ilitengenezwa kwa wingi sana hadi leo ni rahisi kuipata, na bei yake imetulia. Misumeno mizito ya kushikwa na watu wawili ni adimu kuliko XL-12, lakini wengi hawana pa kuiweka. McCulloch ni habari nyingine: injini zake zilitumika sana kwenye magari madogo ya mashindano yaitwayo go-kart, kwa hiyo anayetafuta pistoni au ringi za baadhi ya McCulloch kubwa anashindana na watu ambao hawana haja na msumeno wowote. Stihl Contra ya 1959 hununuliwa kwa historia yake, maana ilikuwa na nguvu farasi 6 kwa uzito wa kilo 12 tu, jambo lililowashangaza watema miti wa wakati wake. Umri peke yake haupandishi bei. Kinachopandisha ni mnunuzi wa pili.

Sasa tuje kwa 070, kwa sababu kisa chote kimelala hapo. Stihl 070 ina mwendo wa pistoni uleule wa milimita 40, ila kipenyo chake ni milimita 58, na ujazo unakuwa 105.7. Mashine hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja: zinachangia sehemu kubwa ya mwili wa chini (unaobeba krenki), na namba za spea zao nyingi zinaanza na 1106. Silinda mpya za milimita 66 zisizo za kiwandani zinauzwa kwa bei ndogo. Nakala nzima za 070 pia zinatengenezwa na kuuzwa mpya. Ukiwa na mwili wa 070, silinda hiyo, kopo la rangi na kibandiko, kwa nje unapata kitu ambacho watu wengi watakiita 090.

Hili silo kosa lenyewe. Mpasuaji mbao akibadilisha 070 yake kuwa na silinda ya 66, amejitengenezea chombo cha kazi, na wala hana wa kumlaumu. Tatizo linaanza pale chombo hicho kinapouzwa kwa bei ya kitu kingine.

Ukaguzi wa nje

Dalili za kwanza hazikuhitaji hata bisibisi. Mpini wa nyuma ulikuwa umechakaa mpaka unang'aa pale kiganja kinapokaa, lakini kibandiko cha pembeni hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Sehemu za mashine moja huzeeka pamoja. Zikipishana umri, kuna iliyobadilishwa, na swali linalofuata ni kwa nini.

Rangi ilikuwa imepuliziwa juu ya uchafu. Kwenye kona za mapezi ya kupozea, ukucha ulibandua utando wa rangi na chini yake kukatoka vumbi la mbao lililogandamana na oili. Anayerudishia mashine kwa heshima huosha kwanza. Aliyepuliza juu ya uchafu alikuwa anauza, hakuwa anatunza. Tena rangi mpya, hata ikipakwa vizuri, hupunguza thamani ya mkusanyo. Rangi ya asili iliyokwaruzika ni bora kuliko mpya, kwa kuwa inaonyesha kwamba hakuna kilichofichwa.

Jambo la tatu lilikuwa skrubu. Nyingi zilikuwa za mpasuo wa bisibisi bapa, zimeumia kichwani kama zinavyokuwa kwenye mashine ya umri huu. Lakini zilizoshika silinda zilikuwa mpya kabisa na za ufunguo wa pembe sita. Palipo na skrubu mpya ndipo palipofunguliwa mwisho, na hapo ndipo pa kuanzia.

Mwili wa chenso hizi ni wa magnesiamu, na magnesiamu haioti kutu nyekundu bali hutoa unga mweupe na kuliwa vishimo. Mwili huu ulikuwa na vishimo vichache karibu na tangi la oili ya cheni, vyenye kina kisichofika milimita moja. Huo ni uchakavu wa kawaida, hautoboi. Tahadhari moja kwa anayetaka kusafisha: vumbi la magnesiamu linawaka moto, na kulimwagia maji kunauchochea. Usipige msasa wa mashine karibu na cheche.

Karatasi zilizokuwa kwenye mfuko ndizo zilizomwangusha muuzaji. Aliziweka akidhani zinaongeza thamani. Kati yake kulikuwa na risiti ya fundi, ya matengenezo ya miaka mingi nyuma, yenye namba ya mwili iliyoandikwa kwa mkono, na kando yake: ringi, 58 mm. Namba hiyo ililingana tarakimu kwa tarakimu na iliyogongwa kwenye mwili. Hapo ndipo 090 ilipokufa. Muuzaji mwenyewe alikuwa ameinunua hivyohivyo, na karatasi zile hakuwa amewahi kuzisoma.

Vipimo

Mnunuzi hakuondoka. Aliomba ruhusa ya kupima, na muuzaji akakubali. Hapa kuna somo dogo la adabu ya biashara: muuzaji mkweli hukubali plagi itolewe na mafla ifunguliwe. Akikataa hata hilo, bei ijadiliwe kana kwamba injini imekufa.

Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ilipimwa kwa geji ya kufunga kwa nyuzi kwenye tundu la plagi, kabureta ikiwa imefunguliwa wazi kabisa, na kamba ikavutwa mpaka sindano ikaacha kupanda. Ilisimama kwenye psi 110. Injini ya namna hii ikiwa na afya inapaswa kufika 140 au zaidi, na chini ya 120 huanza kusumbua kuwaka ikiwa ya moto. Kwa hiyo malalamiko ya kuwa ngumu kuwaka hayakuwa ya kabureta peke yake.

Moto wa plagi ulikuwa dhaifu na wa rangi ya njano. Chini ya flaiwili, pointi (viguso vinavyofunga na kufungua umeme wa koili) zilikuwa zimeliwa na nafasi yake ilikuwa milimita 0.6, wakati inatakiwa iwe karibu na 0.4. Nafasi ikizidi, pointi hufunguka mapema na kukaa zimefungwa kwa muda mfupi, na koili haipati nafasi ya kujaa. Pointi zilisuguliwa kwa kipande cha msasa laini, zikapanguswa kwa karatasi safi isiyo na mafuta, zikarudishwa kwenye 0.4 kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi). Moto ukawa wa buluu. Kondensa ilikuwa nzima.

Kisha kikaja kipimo ambacho wanunuzi wengi hukiruka, na ndicho kinachoamua kama mashine itaishi: kuvuja kwa mwili wa chini. Tundu la ekzosi na la kabureta yalizibwa kwa bapa za raba, plagi ikarudishwa, na hewa ikapulizwa kwa pampu ya mkono hadi bar 0.5. Kwa mashine iliyofungwa sawasawa, sindano inakaa palepale kwa angalau sekunde 20. Hii ilishuka mpaka 0.1 kabla ya sekunde hizo kuisha. Maji ya sabuni yalipakwa kwenye maungio yote, na mapovu yakatoka nyuma ya klachi, kwenye oili sili (pete ya raba inayoziba pale krenki inapotokea). Ilipovutwa hewa kwa ndani, hali ikawa ileile.

Oili sili inayovuja upande wa klachi ni muuaji wa kimyakimya. Injini inavuta hewa ya ziada ambayo kabureta haiijui, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo na oili kidogo, na pistoni inapata joto bila ulainisho. Mwenye mashine anasikia ikizunguka kwa kasi zaidi, anafurahi, kumbe inaelekea kukwama.

Silinda ilipovuliwa

Kwa kuwa bei ilikuwa bado mezani, walikubaliana silinda ivuliwe. Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ilisoma milimita 66.0. Kwa maana hiyo muuzaji hakudanganya kuhusu ujazo. Lakini silinda haikuwa na alama yoyote ya mtengenezaji kwenye umbo lake, uso wa mapezi ulikuwa na punje za mchanga wa kalibu, na kingo za matundu ya ndani zilikuwa kali. Kidole kilichopitishwa polepole kwenye ukingo wa tundu la ekzosi kilikwaruzwa.

Ukingo huo ndio uliosababisha kilichoonekana baadaye. Ringi inapopita mbele ya tundu, huchomoza kidogo kutafuta nafasi. Ukingo ukiwa umelainishwa, unairudisha ndani taratibu. Ukiwa mkali, unaigonga kila mzunguko. Ringi ya juu ilikuwa imevunjika ncha, kipande cha kama milimita 3 kimetoweka, na kuta upande wa ekzosi zilikuwa na michirizi ya wima yenye alumini iliyopakaa.

Nafasi ya ncha za ringi ya chini, iliposukumwa peke yake ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni, ilikuwa milimita 0.10. Kwa kipenyo cha 66, mafundi huanzia karibu 0.26, yaani milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo. Kwa 0.10, ringi ikipata moto na kutanuka ncha zake hugusana, na zikigusana haina pa kwenda ila kusukuma ukuta. Kati ya ukingo mkali na ncha zilizobana, hatuoni haja ya kuamua ni kipi kilichoanza. Vyote viwili vingetibiwa kwa nusu saa ya kazi kabla ya kufunga.

Kilichobaki ni gaskiti. Chini ya silinda zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Kabla ya kuvua, waya wa risasi ulikuwa umeingizwa kupitia tundu la plagi na krenki kuzungushwa kwa mkono, na waya ukatoka umebanwa kufikia milimita 1.5. Nafasi hiyo kati ya pistoni na kichwa cha silinda inafaa iwe kati ya 0.5 na 0.8. Aliyeifunga pengine aliona pistoni inagusa na gaskiti moja, akaongeza ya pili badala ya kutafuta sababu. Gaskiti ya ziada hupunguza kompresheni, na pia huinua matundu yote na kubadilisha muda wake wa kufunguka.

Krenki, kwa bahati, ilikuwa nzima. Beringi zilizunguka bila mchakacho, na konrodi haikuwa na mchezo wa juu na chini. Kwa mwili wa 070, hiyo ndiyo mali yenyewe.

Hesabu ya bei

Kosa la kawaida katika soko linalopanda ni kuchukua bei zinazoombwa na kuziita bei za soko. Mashine iliyotangazwa miezi 8 bila mnunuzi inatueleza bei ambayo watu wameikataa. Angalia zilizouzwa, na ukiangalia tenga zilizo kamili na zilizounganishwa.

Kisha jumlisha kwa vipande. Mwili wa asili wa 070 wenye namba inayosomeka na krenki nzima: 28. Kabureta ya Tillotson HL ya asili, yenye mwili usioliwa: 6. Flaiwili, koili na sehemu za moto: 5. Mpini, tangi na vifuniko, ukitoa kwa ajili ya rangi mbaya: 5. Baa iliyochakaa kwenye reli lakini inayoweza kunyooshwa, pamoja na cheni ya ukubwa wa inchi .404 iliyobakiza nusu ya meno: 3. Silinda na pistoni zilizoharibika: 0. Jumla 47.

Upande wa pili wa daftari kuna oili sili mbili, gaskiti, seti ya diaframu za kabureta, pointi mpya na silinda nyingine. Kwa silinda isiyo ya kiwandani, hayo yote yalifika 9. Mnunuzi alitoa 38. Muuzaji, akiwa na risiti ya 58 mbele yake, alishuka kutoka 85 hadi 60, kisha 50. Walikutana kwenye 41.

Je, alilipa zaidi? Kidogo. Lakini bei za 070 za asili zinapata nguvu kwa njia ya ajabu: nakala mpya zilipoingia, zilishusha bei ya 070 ya kufanyia kazi, na wakati huohuo zikaongeza wasiwasi wa wakusanyaji, ambao sasa wanalipia uthibitisho. Mwili wenye namba na karatasi inayolingana nayo una thamani ambayo mwili mtupu hauna. Risiti iliyoua 090 ndiyo iliyoithibitisha 070.

Matengenezo

Oili sili zote mbili zilibadilishwa, hata ambayo haikuvuja, maana zina umri mmoja. Kipimo cha hewa kilirudiwa kabla ya kitu kingine, na sindano ikasimama kwenye 0.5.

Mnunuzi alitaka kuokoa silinda ya 66 kwa majaribio kwanza. Alumini iliyopakaa ukutani huondolewa kwa magadi makali ya soda, kwa pamba ya kijiti, ndani ya ukuta tu, kwa sababu magadi hayohayo hula mwili wa silinda ambao nao ni alumini. Asidi ya chumvi, ambayo wengi huikimbilia, inaweza kula utando wa kromu, na silinda nyingi za zamani zina utando huo. Baada ya kusafisha, mchirizi mmoja ulibaki ukishika ukucha. Silinda ikatupwa.

Silinda iliyochukua nafasi yake ilikuwa ya kipenyo hichohicho, lakini safari hii kingo za matundu zilizungushwa kwa jiwe dogo na msasa namba 400, bila kugusa kuta. Ringi zilipunguzwa ncha kwa tupa bapa, kidogokidogo, mpaka fila geji ya 0.30 ikapita. Sketi ya silinda na ya pistoni zilikaguliwa kama zinagusa mwili wa chini kwa kuzungusha krenki kwa mkono mzunguko mzima, plagi ikiwa nje. Kwa gaskiti moja, waya wa risasi ulitoka na 0.7.

Kabureta ilipata diaframu mpya. Ile ya zamani ilikuwa imekakamaa kama ganda la embe kavu, na diaframu ngumu haiwezi kuinua sindano ya petroli. Skrubu zote mbili za mchanganyiko zilianzia mzunguko mmoja wazi. Baada ya kuwaka, ile ya kasi ya juu ilifunguliwa zaidi kidogo, mpaka injini bila mzigo ikawa na kigugumizi kinachopotea pale cheni inapoingia kwenye mti. Kigugumizi hicho ndicho kinachotakiwa. Anayekaza skrubu mpaka sauti iwe nyembamba kama ya chenso za leo ataua pistoni ndani ya tangi moja.

Mafuta: oili ya injini za mipigo miwili kwa 1:25, yaani mililita 40 kwa lita moja ya petroli, kwa matangi matatu ya mwanzo, kisha 1:40 kwa oili bora. Petroli isiyo na ethanoli ikipatikana itumike, kwa sababu ethanoli huvuta unyevu na kuharibu raba za umri huu.

Baada ya tangi la kwanza kompresheni ilisoma 150, na baada ya la tatu 155.

Breki ya cheni haipo kwenye mashine hii, wala vizuizi vya kutosha vya mtikisiko. Kwenye fremu ya kupasulia, baa ikiwa imefungwa pande zote mbili, hatari ya chenso kurushwa nyuma kumwelekea mtumiaji hupungua. Ikishikwa mikononi na ncha ya baa ikagusa gogo, hakuna kitakachosimamisha cheni. Mtikisiko nao, ukizidi kwa miaka, hukata damu kwenye vidole mpaka vinakuwa vyeupe.

Kibandiko cha 090 kilibanduliwa kwa hewa ya moto. Chini yake, kwenye rangi ya zamani, kulikuwa na kivuli cha mstatili uleule na pembe ya tarakimu 7. Kibandiko kipya hakikuwekwa. Risiti imefungwa kwenye plastiki na kuwekwa pamoja na kadi inayotaja kila kilichobadilishwa: silinda, pistoni, ringi, sili, diaframu, pointi. Mnunuzi sasa anatafuta silinda ya kiwandani ya milimita 58. Mbili alizoonyeshwa hadi sasa hazikuwa na alama ya mtengenezaji.